Jiko la Irini Halipangishwi

Haya nilisimuliwa na Narjisi mwenyewe, mama yake Bishoi, Kwaresima ya mwaka jana, tukiwa tumekaa kivulini nyuma ya kanisa tunachambua dengu za mfungo. Mwaka mzima ulikuwa umeshapita tangu yatokee, lakini alivyokuwa akizitupa zile changarawe ungedhani kila moja ina jina la mtu. Nayaandika kama alivyoyasema, ila matusi nimeyapunguza.

Narjisi ana mtoto wa kiume, Bishoi, na binti mmoja tu, Irini, na tangu Irini alipoanza darasa la kwanza mama yake alianza kumkusanyia vyombo. Kwetu Misri, ng'ambo hii ya Luksor ndivyo ilivyo: mvulana hujengewa, msichana huwekewa. Baba wa mvulana huinua ghorofa juu ya nyumba yake, akaacha nondo zimechomoza darini kwa ajili ya mtoto atakayefuata. Mama wa msichana hununua sufuria leo, taulo mwakani, akavisukuma chini ya kitanda, mpaka kitanda kinakuwa kirefu mtu apande kwa kigoda. Narjisi si mtu wa mali. Mumewe, Faltasi, ni seremala wa milango. Zile sahani nyeupe zenye ukingo wa buluu alizipata kwa kuuza jibini. Blanketi zito aliletewa na kaka yake kutoka Kuwait. Na sufuria kubwa ya supu, ile yenye mfuniko wa kioo, aliibeba kichwani mwenyewe kutoka mjini, akavuka nayo mto amesimama, akakataa kuiweka chini kwenye kivuko isije ikapigwa teke na kiatu cha mtu.

Na vyombo hivyo vina adabu yake. Havipikiwi. Hata ule utepe unaofunga mlango wa oveni haubanduliwi mpaka bi harusi mwenyewe aubandue, asubuhi ya kwanza katika nyumba yake. Mtu mwingine akiubandua ni kama amemvua shela mbele za watu.

Mchumba wake alikuwa Abanubu, mtoto wa Mukaddas Zakhari. Mukaddas ndiyo heshima ya mtu aliyekwenda kuhiji Yerusalemu, na Zakhari hataki kuitwa bila heshima hiyo hata na mkewe. Abanubu ni kijana mpole, anakaa mapokezi kwenye hoteli moja upande wa pili wa mto, Kiingereza anakimimina kama maji. Lakini mbele ya baba yake hana ulimi.

Harusi ilikuwa imepangwa. Abuna, padri wetu, alishaiandika: Jumapili ya kwanza baada ya Epifania. Ndani ya mfungo kanisa letu la Kikopti halifungishi ndoa, na kati ya mfungo wa Noeli na Kwaresima kuu kuna mwanya mdogo tu. Ukikupita, ukae ungoje Pasaka. Mwaka uliotangulia mwanya uliwapita kwa sababu bibi yake Abanubu alifariki. Msiba ni msiba, hakuna aliyenung'unika. Safari hii hakuna aliyekufa.

Vyombo vilihamishiwa ghorofa ya Abanubu, juu ya nyumba ya baba yake, mwezi wa kumi. Mukaddas ndiye aliyehimiza. “Vileteni mapema,” alisema, “mje mpange kwa raha zenu.” Vikapakiwa kwenye pikapu mchana kweupe, wanawake wakapiga vigelegele njia nzima, na majirani wakatoka kuhesabu mablanketi. Narjisi siku ile alirudi nyumbani amekauka koo kwa vigelegele na miguu inamwuma kwa furaha.

Mfungo wa Noeli ulipoanza, akapanda na mapazia aliyoyapinda kwa mkono wake. Mlango wa ghorofa ya juu ulikuwa wazi. Akasikia maji yanatiririka jikoni.

Jalila, mkewe Mukaddas, alikuwa amepiga magoti sakafuni. Maboksi yamechanwa. Sufuria zimepangwa kwa urefu kama watoto wa shule asubuhi. Ule utepe wa oveni umeviringishwa kidonge, umetupwa kwenye sinki. Na Jalila ana simu mkononi, anazipiga picha moja moja.

“Mama Bishoi! Karibu, roho yangu. Umekuja wakati mzuri. Hebu nisogezee hiyo kubwa, bibi anataka kuiona na mfuniko wake.”

“Bibi gani?”

“Bibi Birgit, wa Denmaki. Kwani Mukaddas hajapita kwenu? Lo, huyu mzee! Wanakuja yeye na mumewe wiki ijayo, wanakaa mpaka theluji ya kwao iyeyuke. Hoteli hawaitaki, wanataka nyumba, wajipikie wenyewe. Tangu mwezi wa tisa ananiuliza. Oveni ipo? Kisu kinakata? Jua linaingia asubuhi au jioni? Sufuria inameza kuku mzima? Huyo mwanamke kwa kupanga safari, hata mafarao hawakuyapanga makaburi yao hivyo!” Akacheka.

Narjisi hakucheka. Alikuwa ameshikilia neno moja: mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa wanaulizwa habari za sufuria, na mwezi wa kumi wanasema leteni vyombo mapema.

“Na harusi?” akauliza.

Jalila akaugeuza mfuniko huku na huku, akautafutia mwanga. “Harusi ipo, nani kasema haipo? Baada ya Pasaka, hewa ikiwa nzuri. Sasa nyumba ikae tupu majira yote ya wageni? Na vyombo vikikaa kwenye boksi vinachakaa, mkwe. Yule bibi msafi, ataviacha vinang'aa.”

“Umebandua utepe.”

“Utepe gani?”

“Wa oveni, Jalila.”

“Aa, ule! Nilikuwa najaribu moto. Hongera, ulichagua vizuri, inawaka sawasawa.”

Narjisi akaiinua ile sufuria ya supu. Akaifunua. Chini, katikati, palikuwa na duara jeusi, na pembeni mwa duara punje ya dengu iliyoganda.

“Umepika humu.”

“Dengu kidogo tu! Bibi aliuliza maji yanachukua muda gani kuchemka. Sasa nimjibu nini, nibuni?”

  Narjisi aliiweka sufuria chini polepole, akayatwaa mapazia yake begani, akashuka ngazi, na kila kidato alikuwa akikikanyaga kama anaua nge.

Faltasi alikuwa uani anapiga randa. Alisikiliza yote, vumbi la mbao nyusini, kisha akasema neno ambalo hakutakiwa kulisema.

“Subira, mama. Pasaka si mbali.”

“Subira? Subira nimeilalia juu yake, Faltasi! Ilikuwa chini ya kitanda, ikiniinua usiku kama mgonjwa! Wametuambia leteni mapema, kumbe wanatafuta jiko la kupangisha. Wamemla mtoto wetu kwa macho makavu, na wewe unaniambia Pasaka si mbali?”

“Sikusema—”

“Umesema! Endelea na randa yako.”

Irini aliporudi kutoka kwenye duka la dawa anakofanya kazi, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alimpigia Abanubu pale pale, amesimama, mkoba begani.

“Ulikuwa unajua?” Akasikiliza. “Sikuulizi baba yako kasema nini, nakuuliza wewe. Ulikuwa unajua?” Akasikiliza tena. “Ametoa neno kwa wageni. Sawa. Na neno alilompa Abuna lilikuwa la nani, la paka? Abanubu, wewe kutwa unawatafsiria watu maneno yao. Ya kwako yako wapi?” Akakata simu, akaingia chumbani, mlango ukatikisa vikombe.

Jioni ile Mukaddas Zakhari akaja mwenyewe na Jalila nyuma yake, kanzu imepigwa pasi, fimbo mkononi. Akapewa chai kavu, maana tumefunga, maziwa hakuna. Akaanza kwa upole wa mtu aliyekwisha kukata shauri.

“Abu Bishoi, ndugu yangu, sisi ni watu wa Saidi, watu wa kusini. Mgeni akishapewa neno hafukuzwi. Nimewaambia njooni. Wamekata tiketi, na nyumba yao kule wameshampa mtu. Niwaambie nini, rudini kwenye theluji?”

“Sisi tulipewa neno kabla yao,” Faltasi akasema, sauti chini.

“Nyinyi si wageni. Nyinyi ni wa nyumbani, mtaelewa.”

Narjisi alikuwa amesimama mlangoni na sinia. “Mukaddas, mgeni mnamlisha kwa mkono wa nani? Sufuria yangu, sahani yangu, blanketi la kaka yangu, jina lako. Huko ndiko kukarimu mlikojifunza Yerusalemu?”

“Narjisi!” Faltasi akasema.

“Mwache aseme,” Mukaddas akatabasamu. “Mwanamke akiwa na uchungu husema.”

“Vitu vikishaingia nyumbani ni vya nyumba,” Jalila akadakia. “Na mimi vyombo vyangu mama mkwe alivitumia siku ya pili tu, wala sikulia.”

“Hukulia kwa sababu vilikuwa masufuria mawili na beseni!”

“Mimi? Beseni? Mimi niliyeletwa na gari mbili?”

“Za punda!”

“Basi!” Mukaddas akagonga fimbo sakafuni. “Harusi ni baada ya Pasaka. Yamekwisha.”

“Basi na mimi navitoa vyombo vyangu,” Narjisi akasema.

 Hata Jalila aliacha mdomo wazi. Kwetu vyombo huingia kwa vigelegele na havitoki. Vikitoka ni kwamba uchumba umevunjika, na watu hawaulizi nani mwenye makosa. Humtazama msichana, wakasema lazima liko jambo. Mukaddas alijua, na Narjisi alijua kwamba anajua.

“Vitoe,” akasema yule mzee, akaupangusa mdomo kwa leso. “Barabara ile pale. Lakini vitoe mchana, kama vilivyokuja, watu waone. Mimi sizuii.”

Akamaliza chai yake yote, hakuacha hata masalio, akaaga vizuri.

Walipoondoka Narjisi alitaka kumshika binti yake. Irini akarudi nyuma.

“Unafurahi sasa, mama? Beseni na punda!”

“Nimekutetea!”

“Umejitetea wewe na sufuria zako. Ukishapigana utarudi hapa kwa baba. Mimi ndiye nitakayekaa juu ya vichwa vyao mpaka nizeeke. Mimi ndiye nitakayekutana nao kwenye ngazi kila asubuhi. Nataka niolewe siku niliyoambiwa, kwenye nyumba niliyoambiwa, na mtu mwenye mdomo. Hayo tu. Vyombo vikitoka nimekwisha, vikibaki hivi nimekuwa mjakazi wao kabla sijaingia. Sasa nitafutie njia, au uniache nilie.”

Hakuna mtu aliyeyaona macho ya Narjisi usiku ule, lakini kulipokucha alikuwa amevaa gauni lake jeusi, anafunga mzigo. Akatia mkeka, blanketi lake kuukuu, fungu la vitunguu, maharage, jiko lake la mafuta ya taa lenye mguu mmoja mfupi, na sufuria yake nyeusi ambayo hata mbuzi asingeiiba. Faltasi akauliza anahama? Akajibiwa anakwenda kupunga hewa.

Mukaddas alikuwa kizingitini na kahawa yake. Kwa kumwona huyu mama na mzigo kichwani, akajua ushindi umemjia mapema.

“Umekuja kuvitoa?”

“Hapana, baba yangu. Nimekuja kukaa. Baridi imeanza kwetu kule, nyumba haipati jua. Nimesikia hapa kwenu mnapokea watu wa majira ya baridi. Usihangaike, najipikia mwenyewe.”

Mzee akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Alidhani ni mzaha wa asubuhi. Adhuhuri harufu ya kitunguu ikashuka ngazi, akaacha kucheka.

Kwenu Waswahili mnasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake. Alitandika mkeka katikati ya jiko la binti yake, akavirudisha vyombo vyote kwenye maboksi na kuvifunga kwa kamba, na yeye akawa anapika pembeni kwa sufuria yake nyeusi, maji akichota mwenyewe. Jalila akapanda.

“Mkwe, aibu hii.”

“Aibu gani? Nimevunja sahani?”

“Watu watasema nini?”

“Watasema Mukaddas ana mgeni. Ongeza chumvi hapo, au wewe unafunga na chumvi?”

Na watu walisema. Siku ya pili majirani wakaanza kupanda, mmoja ameleta ndimu, mwingine amesahau kitu ambacho hakupata kukiweka pale. Wote wakatazama maboksi yenye kamba, wakatazama mkeka, wakanywa chai ya Narjisi kwenye glasi zake mbili zilizopasuka. Hakuwaambia kitu. Aliwaambia tu kwamba anamngoja bi harusi. Vyombo havikutoka nje, kwa hiyo hakuna uchumba uliovunjika. Lakini mwenye nyumba alipopita barabarani vijana wa kahawani walikuwa wanamwamkia, “Vipi Mukaddas, wageni hawajambo?”

Kumfukuza hakuweza. Mwanamke, mkwe, ndani ya mfungo, amekaa kwa heshima zake! Yule aliyesema mgeni hafukuzwi angeanzia wapi? Alimtuma Faltasi akamchukue mkewe. Faltasi akajibu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwamba ana milango ya watu ya kumaliza.

Jumapili, baada ya misa, Birgit akapiga simu. Ilikuwa siku chache kabla ya ndege yao, na alitaka kuliona jiko kwa macho, si kwa picha. Anataka kujua rafu ziko juu kiasi gani, maana mumewe mrefu. Mukaddas akapanda na simu mkononi, Abanubu nyuma yake wa kutafsiri, Jalila nyuma ya Abanubu. Narjisi alikuwa anakaanga bajia za maharage. Na Irini alikuwa pale, amemletea mama yake mkate.

Mukaddas akasimama mlangoni, akaielekeza simu juu, dirishani. “Jua, madam! Jua, tazama!” Akaielekeza kwenye rafu. Lakini mafuta yalipiga kelele, bajia zikatoa moshi, na yule bibi akauliza kitu.

“Anauliza ni nani anapika,” Abanubu akasema.

“Mwambie mfanyakazi,” Mukaddas akasema upesi. “Mwambie anasafisha.”

Abanubu akafungua kinywa. Narjisi hakugeuka, alikuwa na mwiko mkononi, lakini aliniambia mgongo wake wote ulikuwa sikio. Irini akaweka mkate chini.

“Abanubu,” akasema Irini. Hakupaza sauti. “Huyo ni mama yangu. Nikikusikia unamwita mfanyakazi, mimi mwenyewe nitavibeba vyombo hivi mchana wa leo, kimoja kimoja, na wewe utakaa na oveni ya Bibi Birgit mpaka ufe. Sema.”

“Nyamaza, binti!” Mukaddas akafoka.

Kijana akaichukua simu mkononi mwa baba yake.  Akasema, maneno mengi, kwa Kiingereza, na alipokuwa anasema akaielekeza simu kwenye maboksi, kwenye kamba, kwenye mkeka, kwenye Narjisi na mwiko wake, na mwisho kwa Irini.  Kutoka upande wa pili ikaja sauti ya mwanamke aliyekasirika, ambayo haina haja ya kutafsiriwa. Uso wa mumewe ukachungulia pembeni na miwani, ukatoweka. Mukaddas akawa anaruka nyuma ya bega la mwanawe, “Hakuna shida, madam! Hakuna shida!”

“Anasema nini?” Narjisi akauliza.

“Anasema yeye ana binti pia.” Abanubu akamgeukia baba yake. “Anasema alikuuliza wewe, baba, kama nyumba ni ya mtu, ukamwambia ni mpya, haina mwenyewe. Anasema amepanga safari hii miezi, ameshafunga nyumba yake, na wewe umemfanya mwizi bila yeye kujua. Na neno jingine hilo sikulijua, lakini si zuri.”

Simu ikakatika. Mukaddas akaunyanyua mkono kwa mwanawe, mkono mzima mpaka juu. Narjisi akawa katikati, hajui mwenyewe alifikaje, kikaango mkononi.

“Mpige,” akasema. “Mpige, Zakhari, ndiyo kwanza amekuwa mwanamume. Mafuta haya bado yana moto.”

Alimwita Zakhari kavu. Watu wote wakasikia. Mkono ukashuka.

Birgit alipiga tena baadaye, na safari hii alimtaka Abanubu peke yake. Wanakuja, hawana pa kwenda pengine. Lakini juu hawapandi, hata kwa dawa. Atafutiwe jiko jingine, la mtu anayejua kwamba linapangishwa, na atafutiwe kabla ya jua kuchwa. La sivyo wenzake wote wanaokuja kukimbilia jua huku watapata kujua ni mzee gani anayepangisha majiko ya mabibi harusi.

Sasa nyumba tupu iko wapi, wakati huo wa mwaka? Kila chumba kimeshajaa. Mukaddas alizunguka uani na fimbo yake, akaketi, akasimama. Neno ametoa. Mwisho akasema litakalokuwa, na Narjisi alilisikia kutoka juu, dirisha likiwa wazi.

“Watakaa chini. Kwetu. Sisi tutapanda chumba cha darini.”

“Jiko langu?” Hiyo ilikuwa sauti ya Jalila. “Jiko LANGU mimi? Sufuria zangu? Ashike vijiko vyangu mwanamke simjui?”

“Msafi, ulisema.”

“Na mimi nipike wapi, mzee wewe?”

“Darini. Tanuri si lipo?”

“La mikate ya kuumukia juani! Nitachemsha maharage kwenye tanuri la mikate, na umri huu? Kwa ajili ya ulimi wako? Ondoka mbele yangu, Zakhari. Ondoka nisije nikafungua mfungo kwa nyama yako!”

Narjisi aliniambia kwamba alingoja furaha ije, na haikuja. Hasira ilikuwa bado imejaa kifuani, haijapata pa kumwagikia. Irini alikuwa amefungua boksi moja, ametoa ile sufuria ya supu, anaisugua kwa jivu na ndimu. Alisugua mpaka vidole vikawa vyekundu. Duara lilibaki.

“Acha, mwanangu. Nitakununulia nyingine.”

“Sitaki nyingine.” Irini akaikausha, akapanda kwenye kigoda, akaiweka juu ya rafu, ubavu chini, mdomo ukitazama mlangoni. “Nataka mama mkwe alione duara lake kila atakapopanda kuja kunywa chai. Na atapanda, maana nitamkaribisha.”

Akashuka, akajifunga mtandio. “Twende nyumbani, mama. Yamekwisha. Abanubu ameshamwambia Abuna, Jumapili ile ile.”

“Nenda wewe.”

“Mama!”

“Sitoki. Waliniambia mapema wakanidanganya, sasa wananiambia yamekwisha. Nitatoka siku utakayoingia. Kamwambie baba yako dengu ziko kwenye chungu cha kijani.”

Irini akamwinamia, akambusu mkono kwa nguvu, kama anauma, akaenda zake na Bishoi aliyekuja kumchukua.

Jua likachwa, baridi ikaingia upesi kama inavyoingia mwezi ule. Faltasi alilala mapema nyumbani kwake, nasikia, mlango haukufungwa vizuri. Abanubu alipanda na jiko la umeme la kuota moto, akaliweka karibu na mkeka.

“Mama, nisamehe. Ningesema tangu mwanzo.”

“Ungesema,” Narjisi akakubali. Hakumsaidia. “Lete hilo karibu na miguu. Nenda ulale, kesho una zamu.”

Kijana akaenda akalala. Mukaddas alijilaza darini na kanzu yake, akakoroma kabla hajageuka ubavu. Jalila peke yake ndiye aliyekuwa chini anahamisha vitu vyake, na kila sufuria aliipigisha ukutani ili wa juu asikie. Wa juu alisikia. Alikaa kitako kwenye mkeka, amejifunga blanketi, anajibu kila mlio kwa neno moja la chini kwa chini ambalo sitaliandika. Walijibizana hivyo, sakafu katikati yao, wanawake wawili wakubwa, mpaka milio ikaanza kuchelewa, ikawa mmoja mmoja, na mwisho kikasikika kitanda kimelia na Jalila akanyamaza.

Narjisi akangoja mlio mwingine. Alikuwa na neno tayari. Akaungoja sana, neno mdomoni, mgongo kwenye maboksi ya binti yake, na hapo hapo, hajavua viatu, akalala.